Mtu Peke Yake Ndani ya Gari

Matangazo ya magari yananikera tangu zamani, na sababu ni yule bwana anayeendesha. Yuko peke yake. Viti vinne vitupu, nyuma kutupu, barabara tupu, na yeye anatabasamu. Sisi hapa Kalemie, kando ya ziwa, tuna sahani ya kunasa televisheni juu ya bati, tunaona matangazo ya nchi za mbali kila jioni umeme ukikubali, na katika yote sijaona hata mara moja gari lililobeba mkungu wa ndizi. Hakuna shangazi anayeshuka na kusahau kandambili zake ndani. Hakuna anayelisimamisha kuuliza habari za mgonjwa. Bwana anapanda mlima, anafika juu kabisa, anazima injini, anatazama chini, imekwisha. Ameenda kufanya nini huko? Hasemi.

Majirani waliokuja kutazama televisheni kwetu mtaani Kataki walikuwa na maswali ya haki kabisa. Mmoja aliuliza kama gari lile ni la wizi, maana jamaa anakimbia na hakuna anayemfukuza. Mama mmoja muuza mihogo alimwonea huruma ya kweli. Alisema mtu mwenye gari zuri namna hiyo akikosa hata mtu mmoja wa kupanda naye, basi kwao walimfukuza kwa uchawi. Nilicheka, lakini nilikubaliana naye. Kwetu ukipita na kiti kitupu mbele ya watu wanaotembea kwa miguu, utaulizwa mpaka kanisani.

Mtu mmoja tu pale sebuleni alikuwa hacheki. Baba yangu.

Baba alikuwa dereva wa wakurugenzi wa kampuni moja ya bandarini kwa miaka thelathini na kitu. Wakurugenzi walibadilika, magari yalibadilika, kilichobaki palepale ni sauti kwenye kiti cha nyuma. Kata kushoto. Simama. Punguza. Ongeza. Alipostaafu walimpa cheti na suti ya kijivu, na tangu siku ile hakuna aliyempa usukani. Leseni aliibeba katika mfuko wa shati, ndani ya plastiki, kama vile polisi angeweza kumsimamisha akienda chooni. Alikuwa na hamu moja tu na hakuificha: kabla magoti hayajamkatalia kabisa, aendeshe gari mara moja akiwa peke yake, bila mtu nyuma. Kulimiliki hakukuwa katika mawazo yake. Alitaka kuendesha tu, aone ikoje.

Kwa hiyo tangazo lile lililotengenezwa na watu ambao Kalemie hawajaisikia, lilimkaa baba yangu kama kiatu cha kupimwa mguuni. Na baba huyo hangeweza kununua hata gurudumu la akiba. Nililiona jambo hilo, likaniuma, nikaenda kazini.

Kazi yangu ni kusoma komunike, matangazo ya watu, kwenye televisheni ndogo ya hapa mjini. Nasoma mikutano, ndoa, vyeti vilivyopotea, lakini zaidi ya yote nasoma vifo. Familia inaleta picha ya marehemu, mara nyingi amevaa suti, tunaiweka kwenye skrini, chini yake tunapitisha muziki wa piano, na mimi nasema nani amefiwa na matanga yako wapi. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka tisa. Matokeo yake sauti yangu imeharibikiwa sifa. Nikimpigia mtu simu na kusema tu habari za asubuhi, upande wa pili nasikia mtu anatafuta kiti. Sokoni nikiuliza bei ya nyanya, mama mwenye nyanya anashika kifua kwanza.

Ndipo haji mmoja akaleta gari lake. Alikuwa mzee wa familia iliyofanya biashara ya ziwa tangu enzi za mababu, mtu wa kanzu safi na maneno machache, na katika mizigo yake kutoka Kigoma safari ile kulikuwa na gari jeusi, refu, la viti vya ngozi, usukani upande wa kulia, si kushoto kama magari ya kwetu. Lilikuwa limekaa miezi chini ya turubai karibu na bandari. Haji alisema hilo si gari la kila mtu, ni la wakubwa. Tangu mji wetu uwe makao makuu ya mkoa, kila kona ina ofisi na kila ofisi ina mkubwa wake, kwa hiyo aliona ni suala la kuwafahamisha tu. Alitoa simu, akatuonyesha tangazo analotaka. Bwana peke yake, mlima, piano.

Nilimwambia kwa heshima kwamba watu wa hapa hawatalielewa. Tujaze watu ndani, nikasema, tupakie na magunia, tuonyeshe mlango wa nyuma unavyofunguka. Haji alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anauza dagaa.

"Mama, mukubwa hapendi kusongamana," alisema. "Munionyeshe mutu moja, kimya, na ziwa nyuma yake."

Alikataza pia tusiseme bei wala mahali gari lilipo, kwa sababu mkubwa akitaka kitu anajua pa kukipata. Na gari lenyewe lisionekane sana. Kwenye lile la ng'ambo, alisema, gari linaonekana kidogo tu, uso wa bwana ndio unaouza. Direkta wangu alikubali kila kitu na kazi akanipa mimi.

Nani awe bwana? Hapo nakiri sikutafuta mbali. Nilisema tunahitaji mtu mzima, mwenye suti yake mwenyewe, anayejua gari la usukani wa kulia. Walipouliza kama namfahamu mtu wa namna hiyo nilijifanya nafikiri.

Tulizunguka mji mzima kutafuta barabara ya kupigia picha. Sehemu moja ziwa lilipanda likaila, sehemu nyingine mvua imeichimba mpaka kuku wanashuka na kupanda. Mwishowe tulipata kipande cha lami nzuri kando ya ziwa, kifupi kiasi kwamba gari likiingiza gia ya tatu tu lami inakwisha. Baba alifika amenyoa, amevaa suti, leseni mfukoni. Haji akamkabidhi ufunguo. Nilimwona anaupokea kwa mikono miwili.

Mara ya kwanza alipita vizuri sana, ila kiti cha mbele kilikuwa na mama mwenye beseni la samaki mapajani. Nilimuuliza, naye akasema ni jirani yetu, amemsimamishia mkono, angempitaje? Mara ya pili alikuja na walimu wawili na gunia la makaa. Mara ya tatu alikuwa na mzee mmoja amekumbatia bata, na bata ndiye aliyetazama kamera vizuri kuliko wote. Mpiga picha wetu, kijana mpole siku zote, aliweka kamera chini na kwenda kumwomba polisi afunge njia. Polisi akaifunga kwa moyo wote, hakuna hata pikipiki iliyopita, halafu mara ya nne tukamwona yeye mwenyewe amekaa kando ya baba, anatupigia saluti. Alikuwa anaelekea upande ule, alieleza, na njia ilikuwa imefungwa.

Mara ya tano baba alikuja peke yake.

Dirisha lilikuwa nusu wazi na ziwa lilikuwa nyuma yake lote. Miaka yote nilimzoea baba akiendesha huku sikio moja limeelekea nyuma, shingo imekaza kidogo, anasubiri kuambiwa. Siku ile shingo ilikuwa imelegea. Kidevu kilikuwa juu. Uso wake ulikuwa na amani ambayo sikuwahi kuiona, hata siku ya harusi yangu, na machozi yakanitoka pale barabarani mbele ya polisi. Ilidumu sekunde nane. Kisha lami ikaisha na baba akakanyaga breki.

Uso ule ndio uliotuponza.

Nililipanga tangazo mwenyewe, kama haji alivyotaka. Uso wa baba, polepole. Ziwa. Uso wa baba tena, karibu zaidi. Gari sekunde nne. Juu yake sauti yangu, taratibu, nikisifu ukimya na heshima. Chini yake piano. Sasa, kituo chetu kina muziki mmoja tu wa piano. Nimeupitisha chini ya marehemu kwa miaka tisa, na mtu akiishi na kitu miaka tisa anaacha kukisikia. Nakuapia haukunijia hata kidogo akilini. Direkta naye, kwa nia njema, akaliweka tangazo mwishoni mwa komunike za jioni, kwa sababu huo ndio wakati ambapo mji mzima unatazama.

Nilitoka kazini nimeridhika kabisa. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, kurudi nyumbani, na dereva wake akakataa nauli. "Pole sana, Mama," alisema. Nilidhani anazungumzia uchovu wa kazi. Nikamshukuru nikasema ndiyo maisha.

Uani kwetu nilikuta kuni. Nilikuta viti vya plastiki vimepangwa, turubai limefungwa kwenye mparachichi, na kina mama wa ushirika wa wauza samaki wameinamia sufuria zao kubwa. Hao katika mtaa wetu ndio wa kwanza kufika penye msiba, wana utaratibu wao: mmoja akiona komunike anapiga filimbi, na kabla hujamaliza kulia tayari sombe ya majani ya mihogo iko jikoni. Walinishika, wakanikalisha, wakanifunga kikwembe kiunoni. Nilianza kulia pamoja nao, sikujua nani amekufa, lakini kwa kundi lile lazima awe mtu wa karibu. Nililia kwa bidii, nisiwe mtu wa kuchelewa katika msiba wa kwake.

Baba alikuwa ndani anakunywa chai. Magoti yake humchukua muda kunyanyuka, na alikuwa anasubiri makelele yapungue ndipo atoke aulize. Alipotokea mlangoni, bado na suti, nusu ya watu wakakimbia na nusu wakazidisha kilio. Aliyebaki mahali pake ni Mama Prezidenti wa ushirika, mwanamke mnene, mwenye mwiko mkononi. Alimsogelea baba na kumfinya shavu.

"Papa, uko hapa?"

"Niko."

"Sasa nani alikufa?"

Baba alifikiri. Alikuwa ameliona tangazo na yeye, na alikuwa amelipenda.

"Hakuna mutu," alisema. "Ilikuwa gari."

Ungedhani watu wangeondoka. Lakini sombe ilikuwa karibu kuiva, unga umekwisha kuletwa, na watu waliendelea kuingia kutoka ng'ambo ya daraja la Lukuga, waliosikia nusu na wasiosikia kabisa. Huwezi kumrudisha mtu aliyekuja kukulilia bila kumlisha. Matanga yaliendelea, marehemu akipokea wageni. Mwenzake mmoja wa kazi alikuwa ameandika hotuba ya kuaga, karatasi tatu, na hakuwa tayari kuipoteza. Aliisoma yote. Baba aliisikiliza amesimama, akamsahihisha mwaka mmoja na jina la gari mojawapo, watu wakapiga makofi.

Asubuhi chakula kikapungua, na gari la haji lilikuwa uani kwetu, alikuwa ametuachia kwa sababu tulipanga kupiga picha nyingine siku hiyo. Mama Prezidenti alilizunguka mara moja. Akafungua mlango wa nyuma. Akavuta kitu fulani, na kiti cha nyuma kikalala chini chote. Aliita wenzake. Nililiona kwa macho yangu: wanawake saba wakatazama nafasi ile kwa kimya cha ibada. Kisha wakampeleka baba sokoni kuleta unga, wakarudi na unga, viti vya kanisa, sufuria mbili na mgonjwa waliyemwokota njiani.

Maswali waliyomuuliza baba siku ile hakuna tangazo la nchi yoyote limewahi kuyajibu. Yanaingia mabeseni mangapi ya ndagala, dagaa wetu? Ngozi ikishika harufu ya samaki, inatoka kwa limau? Mlango unaweza kufungwa kwa kamba, kasia likiwa limetokeza nje? Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anaweza kulala akanyoosha miguu? Baba alijibu moja baada ya jingine, kwa mikono, akifungua na kufunga, na hakuchoka. Alitoa kanda ya mita ya fundi cherehani ili kupima nafasi ya jeneza, kwa vile nayo waliiuliza.

Haji alikuja karibu na adhuhuri, kanzu nyeupe, uso wa huzuni. Umeme ulikuwa umekatika kwake na tangazo lake mwenyewe hakuliona. Alikuwa ameambiwa tu kwamba yule mzee aliyeendesha gari lake amefariki, akaja kutoa pole. Aliona marehemu anashusha masufuria kutoka viti vya ngozi. Haji alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaletewa bukari, ugali wetu, akala.

Wakubwa je? Niwe mkweli, mmoja alijibu. Ofisi yake ilituletea barua ya rambirambi, imepigwa muhuri.

Kina mama walilijadili gari kwa muda wao, katika mikutano yao, nao ndio walionunua. Haji alilia kidogo kwa ajili ya viti vya ngozi, kisha akawaambia watu wote kwamba tangazo lilifanikiwa, na hadi leo akiniona anataka lingine. Siku ya kuchukua ufunguo Mama Prezidenti aliweka sharti moja: hawachukui gari bila yule papa aliyelijibia maswali. Alitaka baba ndiye awe dereva.

Hivyo baba akarudi kazini na magoti yake. Kila asubuhi anapita na ndagala nyuma na wanawake popote palipobaki, na kila mmoja wao anaijua njia kuliko yeye. Kata hapa, Papa. Punguza. Simama, ule ni shemeji yangu. Mtu aliyekuwa na sauti moja nyuma yake sasa ana nane, na mojawapo inaimba kwaya. Nilipomuuliza kama anachoka alisema hapana. Lakini sikio lake lilikuwa limerudi nyuma tena, na shingo imekaza, na mimi niliona.

Miezi ilipita. Alasiri moja tulikuwa wawili tu, tumewashusha kina mama sokoni, gari linanuka samaki na limau. Tulifika kwenye kile kipande cha lami kando ya ziwa na baba akasimama.

"Shuka kwanza, mama," aliniambia. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

Nilishuka. Hakuhitaji kunieleza. Nilisimama kando ya njia na mkoba wangu, nikaliangalia gari likienda, kwanza taratibu, halafu sawasawa, viti vyote vitupu. Lilimaliza lami nzuri, likaruka kidogo kwenye mashimo, likaelekea kwenye rond-point, mzunguko wa barabara ulio mbele, likapotea. Nilimwombea njia iwe wazi. Niliomba asikutane na jirani yeyote, wala mwalimu, wala mzee wa bata.

Alikawia. Dereva mmoja wa moto alisimama kuniuliza kama nimekwama, nikasema namsubiri baba. Nilianza kuona aibu kwa furaha niliyokuwa nayo, nimesimama pale kama mtu aliyepeleka mtoto shule siku ya kwanza. Kisha gari likarudi, polepole mno, likasimama mbele yangu. Baba hakunitazama. Mikono yake ilikuwa bado juu ya usukani.

Nilimuuliza njia ilikuwaje.

"Njia ilikuwa muzuri. Nilifika pa rond-point, nikasimama."

"Gari ilizima?"

"Hapana. Nilikuwa nangojea mutu aniambie nikate wapi."

Nilikuwa nimejiandaa kucheka na sikuweza. Kusema kweli nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani, wakurugenzi wote wale walikwisha kuondoka zamani. Nilifungua mlango wa mbele nikakaa kando yake. Aliwasha gari, tukaenda mpaka kwenye mzunguko, na pale akapunguza mwendo, shingo imeelekea kwangu kidogo.

Nyumbani kwetu ni kulia. Nilimwambia akate kushoto, kwenye njia ndefu ya ziwani. Akawasha taa ya kushoto.